Saa Ishirini na Nane za Joanna

Baba Padri, wafiwa, majirani na ninyi nyote mlioacha kazi asubuhi hii, naitwa Vincent Hlavaty, mdogo wa marehemu, familia imenikabidhi karatasi hii niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitaisoma kama ilivyo, pamoja na kipande ambacho hakuna aliyekiandika.

Marehemu Bernadine Hlavaty Moyer alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Johnstown, Pennsylvania, mtoto wa kwanza wa mchimba makaa Stefan Hlavaty na mkewe Ludmila, akasoma shule ya parokia hii hii, akamaliza sekondari Juni 1969, na mwaka 1973 akapata shahada ya ualimu, wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka lango la chuo. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Leland Moyer, fundi wa kiwanda cha chuma, wakajaliwa mtoto mmoja, Joanna, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1982, naye yuko hapa kiti cha mbele. Leland alitutoka mwaka 1994.

Kuanzia Agosti 1978, kwa miaka thelathini na mitatu, Bernadine alikuwa mshauri pekee wa wanafunzi katika sekondari yetu, na kila mtoto aliyeomba chuo kikubwa alipita mezani kwake, maana vyuo hivyo havishibi alama peke yake, vinataka kujua mtoto anapiga tarumbeta gani, anaongoza nini, anajitolea wapi na kwa saa ngapi, na barua ya shule ya kumpendekeza mtoto aliiandika yeye. Mlimwogopa, msikatae. Mwaka 1996 shule yenye wanafunzi mia nne ilikuwa na klabu hamsini na moja, nyingine zina rais na hazina mwanachama, na Bernadine alikuwa akimtazama mwombaji juu ya miwani na kumwuliza, "Haya, mheshimiwa rais, unamtawala nani?" Wengi wenu mlitoka pale mnalia, fomu zenu za shughuli zimepungua mstari mmoja.

Msimu wa vuli mwaka 1999 ikawa zamu ya Joanna, aliyekuwa akiomba chuo kimoja cha mashariki kinachochukua mmoja kati ya wanane, na kwa kuwa hapakuwa na mshauri mwingine, mkuu wa shule alimwamuru Bernadine amwandikie barua mwanawe mwenyewe. Joanna alikuwa amejitolea Jumamosi kumi na nne, saa mbili mbili, katika ghala la chakula cha wahitaji lililo chini ya sakafu hii mnayoikanyaga, akipanga makopo ya maharage, na msimamizi wa ghala alikuwa mjomba wake, Vincent, ambaye ndiye aliyepaswa kuzitilia saini saa hizo.

Mji mzima unajua yaliyofuata, au unadhani unajua. Fomu ya Joanna ilifika mezani kwa mama yake ikisema saa 280. Bernadine alimwita jikoni, pierogi, vile vifurushi vyetu vya unga na viazi, vikichemka, akamwambia, "Saa zako nazijua, mwanangu, kila Jumamosi nilikuwa nakungoja kwenye gari. Una mpaka Ijumaa urekebishe, au nitarekebisha mimi." Joanna hakuirekebisha fomu. Ijumaa tarehe 29 Oktoba mama aliandika katika barua ya shule kwamba yeye alishuhudia saa ishirini na nane, akaituma, na tarehe 15 Desemba bahasha nyembamba ikaja, ile ya kukataliwa. Joanna alihamia Oregon kiangazi kilichofuata, akasoma chuo cha kule, na kwa miaka ishirini na minne alirudi nyumbani mara mbili tu. Mkasema mama ana roho ya chuma. Mkasema mtoto mwongo.

Kuhusu jambo hilo karatasi inaishia hapo, na hapa naanza kusema mimi. Joanna aliniletea fomu yenye 28. Nilimwambia, "Ishirini na nane ndiyo nini, we mtoto? Watoto wa madaktari wanaandika mia tatu! Lete hapa." Nikaongeza sifuri kwa kalamu yangu, nikatia saini. Mama yake alipokuja juu, nilimsihi Joanna asinitaje, nikamwambia, "Padri atanipokonya ufunguo wa ghala, mjomba wako atakuwa kichekesho." Alikuwa na miaka kumi na saba, akanibebea kosa langu. Ufunguo ninao mpaka leo, uko mfukoni hapa. Nimeona haya miaka yote hiyo, na haya hiyo haikunitosha kufungua mdomo.

Narudi kwenye karatasi: tarehe 11 Januari 2024 Bernadine aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tarehe 3 Februari Joanna akaja na begi moja, akamwogesha, akamlisha, akalala sakafuni kando yake, mpaka dada yangu alipofariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Juni, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliokuja nyumbani, walimu wenzake wa zamani, na majirani wa mtaa wetu walioleta supu na kuondoa theluji mlangoni bila kuombwa.

Jumapili, katika droo ya dada, tulikuta fomu tupu ya zamani ya shule, ameijaza kwa mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi: Joanna Moyer. Shughuli: kumuuguza mama. Cheo: hana. Saa, hadi Mei 25: 1,308. Na ile sifuri ameipiga mstari katikati, namna ambayo sisi tuliokuwa makarani wa stoo ya kiwanda tulifundishwa kuandika, na katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyeiandika hivyo ila mimi. Kumbe aliiona sifuri yangu kwenye ile 280, akaijua kalamu yangu tangu siku ile ya kwanza, na alikuwa akisubiri niseme. Chini, kwenye nafasi ya mthibitishaji, ameandika jina langu na kuacha wazi pa saini.

Joanna, mpwa wangu, nisamehe. Saa hizo nimezihesabu mwenyewe kwa kalenda ya wauguzi, ni kweli tupu. Baba Padri, ufunguo wa ghala huu hapa, naomba uniazime kalamu.

Kapumzike kwa amani, dada. Natia saini.