Wasifu wa Esekon, Ambaye Siye Huyu wa Jaladani

Mimi ni Akuam, dada ya marehemu. Kamati ya mazishi ilikata nusu ya wasifu huu kabla ya kuuchapisha kwenye programu, ikisema una maneno makali. Nitausoma wote, pamoja na niliyoyaongeza jana. Anayeumia masikio kuna kivuli kule nyuma ya hema, aende akakae huko.

Daudi Esekon alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Ngaremara, mtoto wa pili wa mama yetu Akidor na marehemu baba yetu. Akiwa na miaka sita aliangukiwa na gogo la lango la zizi la mbuzi, akabaki na kovu lililokata nyusi yake ya kushoto. Hilo kovu mlikumbuke, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza darasa la nane mwaka 1987. Sekondari aliishia kidato cha pili, ukame ulipomaliza mbuzi. Kamera alifundishwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akipiga picha za vipande, vile vitambulisho.

Mwaka 1998 alifungua studio mjini Isiolo, karibu na soko la mifugo. Jua letu la saa saba mnalijua. Ukipima mwanga wa uso, anga inatoka nyeupe kama karatasi. Ukipima anga, uso unakuwa mkaa. Alipopata kompyuta, Esekon alikuwa akisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kupiga picha tatu bila kuisogeza: moja ya uso, moja ya anga, moja ya katikati. Akaziunganisha kuwa moja. Halafu, na hapa ndipo kazi yake ilipokuwa, aliiacha, akaenda kunywa chai, akarudi na kupunguza rangi na mng'ao. Kivuli cha kofia alikiacha kiwe kivuli.

Mwiti, nimekuona hapo karibu na spika. Alikufundisha haya miaka minne, na hukushika hata moja. Mwaka 2014 mzee Guyo alitaka picha ya fahali wake amtumie mnunuzi wa Moyale. Mwiti akaitengeneza mpaka fahali akawa rangi ya chungwa, na duara jeupe likazunguka pembe. Mzee akaitazama sana. "Hii ng'ombe ni ya nani? Yangu haiko hapa," akasema. Esekon alibeba kompyuta hadi sokoni, akaketi mbele ya fahali mwenyewe, akawa anapunguza rangi kidogo kidogo, mpaka mzee Guyo akasema, "Sasa ni yeye."

Mwiti alicheka siku hiyo. Mwaka 2016 alifungua studio yake ng'ambo ya barabara, na ninyi mlioketi hapa mkamfuata. Mlipenda anga ya zambarau na nyuso zinazong'aa kama sufuria. Esekon alibaki na viti vitupu. Yeye hakulalamika hata siku moja, kwa hivyo nalalamika mimi.

Alifunga ndoa na Ntinyari tarehe 8 Desemba 2001 mjini Isiolo. Siku hiyo alisimamisha msafara mzima wa harusi akingoja wingu lipite mbele ya jua. Ntinyari alinuna, lakini picha ile iko ukutani kwake mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Aprili mwaka huu, akijua anakoelekea, alijipiga picha tatu mlangoni pa studio, akamwambia Ntinyari ziunganishwe siku yake ikifika. Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, asubuhi.

Kaka yetu Ekidor, mwenyekiti wa kamati, alizichukua akampelekea Mwiti, eti wageni wa Nairobi wapate kitu cha kupendeza. Matokeo mnayo mikononi, kwenye jalada la programu. Ngozi imepaushwa, kichwa kimezungushiwa duara jeupe, kovu limefutwa. Mama alipopewa programu juzi aliirudisha. "Huyu mnamzika ni nani?" akauliza. Akasema yeye haendi kuzika mgeni.

Jana asubuhi nilimleta Mwiti nyumbani kwa Mama, yeye na kompyuta yake. Sikumbembeleza. Alifungua zile picha tatu upya, Mama akiwa kando yake. "Punguza," Mama akamwambia. Akapunguza. "Punguza tena." Hivyo tangu saa tatu mpaka saa saba. Kivuli cha ugonjwa kikarudi chini ya macho, kisha kovu likarudi. Mama aliigusa ile nyusi kwenye kioo cha kompyuta.

"Sasa ni yeye," akasema, na akaomba aletewe nguo zake za mazishi. Mwiti alilia. Mimi sijamsamehe, na Ekidor pia ajue.

Picha hiyo ndiyo iliyo juu ya jeneza, na ndiyo itakayopigiliwa msalabani. Hizo programu ziacheni kwenye viti. Ekidor atazikusanya mwenyewe.

Marehemu ameacha mama yake, Akidor, ambaye amekuja, mjane wake, Ntinyari, watoto wao wawili, kaka yake, Ekidor, na mimi.

Esekon, lala kwa amani, na uso wako mwenyewe.