Mzee Jibu na Taji la Januari

Tumekusanyika kumsindikiza mume, baba, babu na mwenye ukumbi wa puli, aliyejulikana na wote kwa jina la Mzee Jibu. Familia inawashukuru waliokuja kuzika, na inawatambua pia waliokuja kusikia. Wachezaji waliosimama upande wa ukutani wanaombwa wavumilie kama wafiwa wengine. Jambo lao limo humu, lakini mtu huzaliwa kwanza ndipo akabishana. Wenye ratiba iliyochapwa juzi wafahamu kwamba ukurasa huu umeandikwa upya jana, kwa amri ya mjane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kumpa mama yake pole. Neno lake la kwanza lilikuwa "hapana," na alilisema kwa haki: shangazi yake alikuwa amemwita kwa jina la kaka yake.

Alianza shule mwaka 1958 na kuiacha kidato cha pili mwaka 1967, macho ya baba yake yalipoanza kukataa sindano. Mwalimu wa jiografia alisema mbele ya darasa kwamba kijana huyu anakumbuka kila kitu isipokuwa kilichoulizwa. Marehemu aliirudia kauli hiyo maisha yake yote, akiamini ni sifa.

Februari 1969 aliajiriwa kutunza stoo ya vipuri katika gereji ya mabasi. Stoo hiyo ilikuwa na redio, na kantini ya mafundi ilikuwa na meza ya puli yenye kitambaa kilichochanika. Vitu hivyo viwili vilimaliza elimu yake. Kila Novemba redio ilitangaza Taji Kuu, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa ng'ambo, na yeye akasikiliza akiwa amekaa juu ya boksi la breki. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kuona mpira hata mmoja ukiingia tunduni katika mashindano hayo, na hilo halikumzuia kueleza ulivyoingia. Mabingwa aliwajua kwa majina waliyobandikwa na mafundi wa gereji. Alimjua Msindikizaji, aliyekwenda kumtazama rafiki yake, akaombwa ajaze nafasi, akashinda kwa fimbo ya kuazima. Alimjua aliyesahau kombe kwenye teksi, na aliyecheza fainali jino likimuuma na baadaye akakataa kuling'oa kwa sababu ndilo lililomshindia.

Mwaka 1991 aliacha kazi, akafungua ukumbi wake: meza tatu katika chumba kilichokuwa duka la viatu. Harufu ya ngozi haikutoka, naye alisema inamkumbusha baba. Kanuni zilikuwa chache. Hakuna kukalia meza. Hakuna kumpulizia mtu moshi akilenga. Na Jumamosi alasiri fimbo zinawekwa chini, watu wanaulizana maswali kuhusu mabingwa waliopita. Jibu la mwenye ukumbi liliandikwa ubaoni, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifuta. Anayepinga alipaswa kusema alikolisikia lake. Asiposema, anatundika fimbo na haingii tena mpaka aseme. "Jibu lisilo na chanzo ni umbea," alikuwa akisema. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, akaipenda kuliko watoto wake, na watoto wanalijua hilo bila kinyongo.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 21 Januari 1978 marehemu alifunga ndoa na mshona nguo, ambaye leo ni mjane wake. Bibi harusi hakuwa na wazazi. Alilelewa na kaka yake, fundi samani, na kaka huyo ndiye aliyetakiwa kusimama siku hiyo kusema neno la familia. Wakati ulipofika aliitwa, akaitwa tena, hakuonekana. Aliyesimama badala yake ni jirani, ambaye alikosea jina la bibi harusi. Kaka alitokea baadaye, suruali imejaa matope magotini, akasema gari la maharusi lilikuwa limekwama naye alikuwa akilisukuma. Kwa miaka mingi mjane aliisimulia habari hiyo kwa kila mgeni. "Kaka yangu alikosa kiapo changu," alisema, "ili mimi nisiondoke kwa miguu."

Mume na shemeji wakashikana kama chanda na pete. Fundi ndiye aliyezivalisha meza za ukumbi vitambaa vyake vya kijani, na ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia marehemu anyamaze akanyamaza. Hali hiyo ilidumu mpaka Jumamosi moja ya Novemba 1999.

Swali la siku hiyo lilikuwa jepesi: bingwa gani alikuwa wa kwanza kulitetea Taji Kuu? Marehemu aliandika ubaoni jina la bingwa mmoja: Fundi Saa, 1984 na 1985. Shemeji yake alikuwa akipaka chaki fimbo.

"Kucha," akasema.

"Kucha alichukua mara moja, shemeji. Novemba sabini na nane."

"Na Januari."

"Januari gani? Taji huchezwa Novemba."

"Ile ya sabini na saba iliahirishwa, paa lilivuja. Wakaimaliza Januari, Kucha akachukua. Novemba akachukua tena."

"Mataji mawili mwaka mmoja? Huo ni ulafi, si ubingwa." Wachezaji wakacheka. Marehemu hakucheka. "Umesikia wapi?"

Wakati huo mke wake alikuwa ameingia na chupa ya chai. Fundi alimtazama dada yake, kisha akatazama kitambaa alichokibana kwa mikono yake.

"Nimesikia tu."

"Tu ni stesheni gani?"

Fundi akatundika fimbo, akatoka. Chai haikumiminwa.

Hapa familia inapaswa kueleza kosa la marehemu, maana yeye hakuwahi kulieleza. Katika orodha yake ya mabingwa, mbele ya mwaka 1977 alikuwa ameandika: hayakuchezwa. Fainali ile ya kiporo ilichezwa Januari, siku pekee katika ujana wake ambayo hakuwa karibu na redio, na kwa kuwa hakuisikia alihesabu haikuwepo. Mtu msahaulifu huacha nafasi ya mambo aliyoyasahau. Marehemu hakuwa na nafasi hiyo.

Fundi hakukanyaga tena ukumbini, na baada ya muda hakukanyaga nyumbani. Hakuja binti mkubwa alipohitimu ualimu. Hakuja wajukuu walipozaliwa; alituma vitanda, vizuri mno, bila neno. Mjane alikuwa na mume sebuleni na kaka mtaa wa pili, na katikati yao bingwa wa kigeni ambaye hakuwahi kula kwake hata siku moja. Alijaribu kila upande. Mumewe alisema shemeji aseme chanzo, ubao utafutwa. Kaka yake alisema hana la kusema, na kila aliposema hivyo aliangalia pembeni.

Simu za kisasa zilipokuja, vijana wa ukumbini walitafuta, wakaona, wakanyamaza, maana meza zilikuwa zake. Mmoja alijitoa mhanga akamwonyesha. Marehemu alivaa miwani, akasoma, akamrudishia. "Simu haikusikia chochote," alisema. "Imesimuliwa." Mjane anasema tangu siku hiyo usingizi wa mumewe ulikuwa wa kukatikakatika.

Juni 2021 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena tarehe 3 Machi mwaka huu, wodi ya ghorofa ya pili, dirisha likitazama jenereta. Daktari alizungumza na familia bila kuzungukazunguka. Pumzi ya mgonjwa ilitosha sentensi fupi tu, adhabu ambayo kwa mtu kama yeye hata adui asingeipendekeza.

Mkewe alivuta kiti. "Baba watoto, nimechoka kuwa mpaka. Namtaka kaka yangu aingie humu ukiwa bado unasikia. Ukiondoka hivi, hatakuja hata kukuzika, na mimi nitakuwa nimewazika wawili."

"Aje," alisema marehemu. "Aseme chanzo."

"Hata sasa?"

"Sasa hasa."

Fundi alikuja alasiri ya tarehe 9, na nguo za kazini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Binti mkubwa alikuwepo, na maneno haya ni kama alivyoyasikia.

"Pole, shemeji."

"Chanzo."

"Watu huanza na ahsante." Fundi alibaki mlangoni. "Mdogo wangu, hebu tupishe kidogo."

"Sitoki," alisema dada yake. "Nimetoka miaka yote, sikuona faida."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alishusha gazeti. Fundi alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nilisikia redioni. Mubashara. Siku ya harusi yenu, nyuma ya ukumbi, kwenye mapipa ya taka."



"Na gari?" aliuliza dada yake.

"Hakukuwa na gari."

"Na matope?"

"Nilipiga magoti. Betri zilikuwa zinaisha, sauti imekuwa ndogo. Nilisema nisikilize kidogo tu, nirudi. Nikasikia mnaniita."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia. Ilikuwa imebaki mipira miwili."

Binti anasema mama yake alifunga mkoba, akasimama, akaushika mgongo wa kiti, na hakuna aliyejua kama anatoka yeye au anamtoa mtu. Marehemu alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alionekana kutamani swali lake lisingejibiwa.

"Ule wa mwisho," alisema marehemu. "Uliingiaje?"

"Shemeji, si sasa."

"Mwambie," alisema dada mtu, bado amesimama. "Jirani alisema jina langu kimakosa kwa ajili ya mpira huo. Nami nataka kujua ulivyoingia."

Fundi akasogea mpaka kitandani. "Kucha alibaki na mpira wa tisa. Kona ya mbali. Akaupiga taratibu, ukagonga mbao, ukaenda, ukasimama mdomoni mwa tundu. Mtangazaji akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nikaweka sikio kwenye redio. Halafu…"

"Halafu?"

"Betri zikaisha."

Marehemu alifumba macho. Mabega yalianza kutikisika, binti akakimbilia kengele, kabla hawajatambua kwamba mgonjwa anacheka. Muuguzi hakufurahishwa, alimwongezea oksijeni na kuwaambia wageni muda umekwisha. Marehemu alimshika shemeji yake kiganja, akakazana kutoa neno, likatoka moja: "Kesho." Maana yake hakuna aliyeijua. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 10 Machi 2022, saa tano kasorobo, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini na moja, bila kufuta wala kuthibitisha.

Habari hizo zilifika ukumbini kabla mwili haujatoka hospitali, na tangu hapo wachezaji wamegawanyika. Wapo wanaosema kanuni ni kanuni: chanzo kilichozimika kabla ya mpira kuingia si chanzo, na fundi asiingie. Wapo wanaosema marehemu alimshika mkono, na mkono ni uamuzi. Jana alasiri pande zote mbili zilifanyia mjadala huo sebuleni kwa mfiwa, kwa sauti ambazo familia isingependa kuzielezea, na fundi mwenyewe akasimama aende zake, asizikwe mtu kwa ugomvi. Alishafika getini.

Ndipo mjane alipotoka chumbani. Aliuliza ukumbi sasa ni wa nani. Wakamjibu ni wake. Aliuliza neno la mwisho ni la nani kwa kanuni za ukumbi. Wakamjibu ni la mwenye ukumbi. Akasema basi wakae, na ameagiza maneno yake yasomwe hapa kama alivyoyasema:

"Kucha ni bingwa wa mara mbili. Chanzo ni mimi. Huyu alinilea, ananipenda, hilo silibishanii na mtu. Asingekosa kiapo changu kwa mechi ambayo haikuchezwa. Mkinionyesha kingine kilichoweza kumzuia, nitafuta. Sijamsamehe, nitamsamehe nikipata nafasi. Lakini atasimama kando yangu kaburini toka mwanzo hadi mwisho, na akiitwa safari hii aitike."

Marehemu ameacha mjane mmoja, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu watano, meza tatu zinazohitaji vitambaa vipya, na shemeji mmoja, fundi samani, kaka wa mjane, ambaye sasa anaitwa kuja mbele kusema neno la familia.

Alale kwa amani. Mwenye pingamizi amwone mjane.