Mwombaji Hana Vidole

Ndugu waombolezaji, mama yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mama Kwanini naye hakuwahi kununa kwa hilo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi viatu, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1966, na ripoti yake ya mwisho ilisema anauliza kupita kiasi.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafua mashuka kwa dawa kali miaka thelathini na sita, na tarehe 2 Juni 1973 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kupaka rangi, wakajaliwa watoto watatu, ambao hakuna aliyethubutu kumjibu “basi tu” mara mbili.

Tarehe 11 Oktoba 2004 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, mashine ikashindwa kusoma vidole vyake, maana dawa zilikuwa zimefuta alama zote, na karani, kwa haraka zake, akaandika kwenye fomu kwamba mwombaji hana vidole. Mama alirudi amefura, lakini kesho yake akaanza kuuliza haki ya kupiga kura inatoka wapi, akaambiwa kwenye sheria, akauliza na sheria je, akaambiwa kwenye katiba, akauliza na nje ya katiba je, mpaka dada yetu mkutubi, kwa kuchoka, akamletea Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao serikali yetu yenyewe iliuridhia, na ambao ibara yake ya 25 inampa kila raia kura bila vizuizi visivyo na msingi. Aliusoma kwenye meza ya kupigia pasi, akafungua kesi, na mbele ya jaji akaiweka ile fomu mezani, kisha juu yake vidole vyote kumi. Tarehe 14 Septemba 2006 mahakama iliamuru aandikishwe kwa picha na saini.

Alipiga kura mara tatu, na kila mara baba alimbembeleza amwambie kamchagua nani, asifue dafu, kwani ibara ileile, alisema mama, inataka kura iwe ya siri.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2021, akafariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, katika hospitali ileile, juu ya mashuka aliyodai hayakusuuzwa vizuri. Jumapili iliyotangulia baba alikuwa amemuuliza tena, mama akamshika mkono, akacheka, akamuuliza kwa nini anataka kujua.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa kufulia, na yule karani, ambaye amekuja kuzika pamoja nasi. Baba bado hajui, nasi hatujui. Pumzika kwa amani, mama, na siri yako.