Mke wa Dada Si Dada

Mchungaji, ndugu zetu wa Macon, majirani zetu wa hapa Decatur, wafanyakazi wenzake wa idara ya madaraja, na ninyi dada wa chama cha Theta Rho Mu mliojaza safu za mbele kwa nguo zenu nyeupe, asanteni kwa kuja kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ni Ouida Gaither, mke wa marehemu, na ninasoma kwa niaba ya familia. Wenye ratiba mkononi mmeona imeandikwa kwamba historia hii ikiisha familia na wageni watoke nje, ili dada wabaki peke yao, wafunge duara kuzunguka jeneza na kumwita marehemu kwa jina la siri walilompa wao, na katika hao wa kutoka nimo na mimi. Jambo hilo limenichoma wiki nzima, na sitajifanya halijanichoma.

Delphine Arnetta Gaither alizaliwa tarehe 11 Machi 1963 mjini Macon, Georgia, mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mama mwimbaji wa kwaya, akasoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Macon, kisha mwaka 1981 akaja Atlanta kusomea uhandisi, akahitimu Juni 1986 akiwa msichana mweusi pekee darasani. Tangu Septemba mwaka huo hadi alipostaafu Juni 2022 alikagua madaraja ya jimbo hili, amening'inia kwenye kikapu cha chuma juu ya mito, anagonga zege kwa nyundo na kuisikiliza inasemaje. Kazini walimjua kama mwanamke mseja asiyependa maswali, kanisani kwao Macon waliacha hata kuuliza, na mtu huyu aliyesimama juu ya mto Chattahoochee bila kutetemeka, kwa miaka mingi hakuthubutu kuweka picha yangu kwenye meza yake ya ofisini.

Tulikutana tarehe 3 Mei 1998 kwenye duka la dawa nililokuwa nafanyia kazi, akibishana nami kuhusu dawa ya mafua, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshahamishia buti zake kwangu, nikadhani nimempata peke yangu. Mwaka 2004 akasikia habari za Theta Rho Mu, udada, yaani chama cha kiapo chenye jina la herufi za Kigiriki, cha wanawake wasomi wanaopenda wanawake, mawakili, madaktari, wahasibu, walimu wa vyuo, watu waliochoka kuishi nusunusu, basi akaanza kukariri alfabeti ya Kigiriki bafuni, maana sharti la kuingia ni uimalize kabla njiti ya kiberiti haijakuunguza vidole, na mwezi wa nne akaingizwa pamoja na wenzake wanne, akapewa jina ambalo mimi sijaambiwa mpaka leo. Nami ni mfamasia, digrii ninayo, nikaomba kuingia, na Dokta Corliss Vann, daktari wa meno na mkuu wao, akanijibu kwenye baraza yangu mwenyewe, akila keki yangu mwenyewe, "Mpenzi, tunakupenda sana, lakini mke wa dada hawezi kuwa dada, dada ni ndugu, na ndugu hawaoani." Sheria hiyo waliitunga baada ya wapenzi wawili kuachana na kuupasua udada katikati, naielewa vizuri, ila kuelewa hakujawahi kumponya mtu wivu. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, lakini mimi, kama mnavyoniona, sikukonda.

Tangu hapo kila Alhamisi ilikuwa yao, anarudi nyumbani sauti imekauka kwa kucheka, kicheko nisichokisababisha mimi, nikimuuliza mlicheka nini ananibusu paji la uso na kusema, "Hutaielewa, mama, ilibidi uwepo." Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 2015, hapa hapa Decatur, wiki tatu baada ya sheria kuturuhusu, na keki haijakatwa wakaja kumchukua bibi harusi wangu, wakamweka katikati ya mstari wao, wakazunguka ukumbi mzima wakipiga miguu sakafuni, mimi nimeshika sahani mbili, na Hakimu Thomasina Blount, aliyeingizwa naye siku moja, akanipigia kelele, "Ouida, usinune, tutakurudishia mkeo mzimamzima!" Wageni wakacheka, nami nikacheka kwa meno tu.

Mungu alitujalia binti mmoja, Jocelyn, tuliyemlea tangu mwaka 2001 akiwa na miaka mitatu, leo ni mwalimu huko Savannah, na yeye alikua akikwama hesabu anampigia dada mmoja, akiumizwa moyo anampigia mwingine, hata siku nilipolalamika akaniambia, "Mama, kuna watu hawana hata shangazi mmoja, wewe unalia kwa sababu ninao wengi?"

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Dada wakajipangia zamu bila kuniuliza, wakaleta supu, sukuma wiki na makaroni ya kuoka, mpaka nikawa mgeni jikoni kwangu, nafungua friji kutafuta maziwa nakuta vyombo vya watu. Asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Oktoba, hospitalini, Thomasina akaniambia, "Ouida, hebu jitazame, nenda nyumbani ukaoge, sisi tupo." Nikaenda, na Delphine alifariki mimi nikiwa na sabuni kichwani.

Sikutaka kumwona Thomasina mpaka juzi, alipokuja akasimama mlangoni mwa jikoni, nami nikamuuliza mke wangu alisema nini mwisho, nikiwa na hakika nitaambiwa ni siri ya udada. Akasema, "Alikuita wewe. Macho yalikuwa hayaoni tena, akaita Ouida, akaita tena, nikamshika mkono nikaitika mimi, nikasema niko hapa, mpenzi. Akatulia." Nikamwambia hilo jina ni langu, nani alikupa ruhusa ya kuliitikia, naye akaanza kulia, akasema, "Ningefanyaje, Ouida, nimwache aendelee kuita tu?" Katika wivu wote niliowahi kumwonea mtu, hakuna uliofikia huo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotukatia nyasi tangu masika, na wenzake wa madaraja waliokuja na kofia zao za kazi. Nawashukuru na dada, shukrani hii inanitoka kwa shida lakini ni ya kweli, mlimpa mke wangu mahali pa kucheka kwa sauti, wakati mimi nilikuwa na nyumba tu ya kujificha naye.

Sasa ratiba inataka nitoke. Wengine tangulieni ukumbi wa chini, chakula kipo. Dokta Corliss, fungeni duara lenu, mimi nitakaa kwenye kiti hiki karibu na kichwa chake, sitashika mkono wa mtu wala sitaomba tena kuwa dada, na kama jina lenu la siri haliwezi kutajwa mbele ya mkewe, basi lisitajwe, aende na lile alilokuwa akiitikia nyumbani. Delphine, uliniita, akaitika mwingine. Niko hapa, mpenzi, na sitoki. Lala kwa amani.