Nta ya Mzee Ndolo

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi tulimzika Mzee Ndolo Mbithi wa Tassia. Mchonga vinyago. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Ujana wake aliumaliza Pumwani, akichonga twiga na vifaru. Uzeeni, maabara moja ilimwita akate kitu kingine: matope ya mto wa kale, yaliyoganda yakawa mawe. Watafiti walitafuta humo alama za joto lililoikumba dunia mamilioni ya miaka iliyopita. Mto hubeba matope, matope hutulia tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hutunza kaboni ya zama zake, ambayo ikipimwa huonyesha joto lilikuwa kiasi gani. Mashine iliyavunja mawe hayo. Mkono wa Ndolo haukuyavunja.

Mkewe, Mama Mbinya, alimtania. "Matope? Si ukate ya hapa mlangoni kwanza, mvua imetuletea bure."

Sasa, mchonga vinyago hamalizi kazi bila kuing'arisha. Siku Ndolo alipokata tabaka jekundu, lile lililosubiriwa, alilipaka nta, akasugua hadi nta ikazama. Mkuu wa utafiti, Daktari Celine, alisifu tu ulaini wake. Vipimo vilipotoka, joto la kale lilionekana kubwa kuliko alivyotarajia. Maabara ikashangilia.

Ndolo akauliza kaboni hupimwaje. Alipoelezwa, akakaa chini. Nta nayo ina kaboni.

Angenyamaza, nani angejua? Angesema, kibarua kingeota nyasi.

"Daktari," alisema, "hicho mnachoshangilia ni nta yangu."

Daktari Celine alivifuta vipimo vile. Kesho yake alimpa kipande cha mwisho cha tabaka lile, kidogo kama kidole gumba. "Hiki kikivunjika, Mzee, miaka yangu minne imekwenda."

Ndolo alikikata asubuhi nzima. Nta aliiacha nyumbani.

Joto lilikuwepo. Dogo kuliko lile la kwanza, lakini la kweli.

Lile jiwe la nta alipewa yeye. Nililiona juzi sebuleni Tassia, kando ya runinga, linameta. Mama Mbinya hulipangusa vumbi kila asubuhi. "Kosa lake hilo," aliniambia. "Hakutaka lifichwe."

Mama Mbinya, na wewe Mbinya mwanawe, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nasi tuliobaki, leo tukienda kazini, tujiulize: kile tunachopigiwa makofi, ni jiwe au ni nta?