Mzee Zubeir na Fahali Wasiolipwa

Ndama mia nne na kumi na saba walioko kati ya Mambrui na Adu, lau wangefunzwa adabu, wangeniamkia mimi: shikamoo, baba. Hakuna mwanamume wa rika langu pwani nzima, hata hao wenye pikipiki, aliyeleta duniani viumbe wengi kiasi hicho kwa kalamu tu. Lakini leo si siku yangu. Leo, Ijumaa tarehe 28 Agosti 1987, anastaafu Mzee Zubeir Saad baada ya miaka ishirini na miwili katika Kituo cha Mbegu cha ushirika wetu wa maziwa. Kamati imeniomba mimi, Baya, karani wa daftari la ndama, niandike wasifu wake, kwa kuwa mwandiko wangu unapendeza. Cheti cha darasa la saba hawakukiulizia, nami sikuona haja ya kuwachosha.

Mzee Zubeir aliingia mwaka 1965 akiwa mfagiaji wa zizi. Mwaka wa tatu, fahali mmoja alimpiga msimamizi teke la goti, kazi ya kukinga mbegu ikabaki inatafuta mtu asiye na haraka. Jinsi zinavyokingwa siwezi kueleza yote, maana mama zetu wamekaa mstari wa mbele. Niseme tu kwamba kuna ng'ombe wa mbao aliyevikwa ngozi, kuna mfuko wa mpira wenye maji ya vuguvugu, na kuna Mzee Zubeir, kikoi kimepandishwa magotini, akimbembeleza fahali kwa maneno ambayo mkewe, Bi Shekha, anaapa kwamba nyumbani hajawahi kuyasikia. Kisha mbegu hutiwa kwenye chupa ya barafu, mzee hupanda baiskeli, na kabla ya adhuhuri ng'ombe wa mtu huko Adu ameshapandishwa kwa mrija.

Kukinga si kazi. Kazi ni kumpata wa kukingwa. Kituo hakina fahali wake hata mmoja. Wote ni wa watu, hukaa tu zizini kwetu, na mwenye fahali halipwi. Wengi mmelalamikia sheria hiyo, na mzee amewajibu miaka yote kwa upole uleule: ukimlipa mtu, kesho atakuletea fahali mgonjwa amempaka mafuta ang'ae, lakini anayetoa bure hana sababu ya kuficha kikohozi. Kwa hiyo malipo ya fahali ni bonge la chumvi ya Gongoni. Malipo ya mwenyewe ni ahsante.

Kwa ahsante hiyo mzee amezunguka boma baada ya boma. Mmoja alimwambia mbegu za fahali wake zitakwisha kama maji ya tangi. Mwingine alikubali vizuri, mkewe akakataa, akisema mwanamume mmoja wa kugawa bure nje ya boma anamtosha. Mzee alicheka, akanywa maji, akasema atapita tena.

Kwa Kazungu wa Adu alipita tena mara tisa. Kazungu alikuwa na fahali mwekundu mwenye nundu kama gunia la mahindi, jina lake Diwani, kwa kuwa alikula sana na hakuna aliyemwona akilima. Mara ya kumi Kazungu alikubali kwa sharti moja: kama fahali hatalipwa, basi aheshimiwe, asalimiwe kila asubuhi kabla ya kazi. Kuanzia mwaka 1979 Mzee Zubeir, mtu mzima, hajji, alikuwa akivua kofia kila asubuhi kumuuliza ng'ombe dume ameamkaje. Diwani hakuitikia hata siku moja, jambo ambalo tumelizoea kwa madiwani wote.

Fahali wakiwa wachache kuna hatari moja: binti asije akapelekewa baba yake. Damu ikijirudia, ndama huzaliwa ana kasoro. Ndiyo sababu ya daftari, na ndiyo sababu ya mimi. Kila ng'ombe ana ukurasa wake, na juu ya ukurasa pameandikwa fahali anaoruhusiwa. Mzee macho yake hayamsaidii kwa maandishi. Husimama mlangoni na chupa yake, huniuliza, nami humjibu, naye huondoka.

Mwaka jana ilizuka ile habari mnayoijua. Mtamba wa mama Kanze, mjane wa Adu, alizaa ndama kipofu, na ndama huyo akafa siku ya tatu. Mnajua ng'ombe wetu: bila ndama ubavuni hateremshi maziwa. Mama Kanze hana ng'ombe mwingine anayekamwa, na mwaka mzima wajukuu wake wamekunywa chai ya mkandaa. Ikasemwa kituo kinagawa mbegu mbovu. Ikasemwa Diwani ana laana. Kazungu alikuja na kamba, akamfungua fahali wake mbele ya kamati nzima.

"Zubeir," alisema, "mbegu nilikupa bure. Jina langu sikukupa bure."

Mzee Zubeir alivua kofia, safari hii si kwa Diwani. "Mkono uliotia ni wangu, mzee mwenzangu. Fahali wako hana kosa."

Wenye fahali wengine wawili wakafuata na kamba zao. Leo kituo kina fahali mmoja, mzee kama sisi tutakavyokuwa, na kamati imeona ni vyema Mzee Zubeir apumzike miaka miwili kabla ya wakati wake. Barua yake inasema ni kwa ajili ya macho. Kuanzia Jumatatu chupa ya barafu nitaibeba mimi.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila ahsante uliyoitoa kwa niaba yetu. Mungu akujaalie asubuhi ndefu Mambrui, kahawa isiyokatizwa, na watu wa kuwasalimu wanaoitikia. Bi Shekha naye apate sehemu yake ya maneno ya Diwani.

Limebaki neno moja, nami nimeomba lisomwe Mzee Kazungu na mama Kanze wakiwa wamekaa. Mama Kanze alikuwa na ng'ombe mkongwe aitwaye Mbeyu, ambaye Diwani aliruhusiwa kwake. Mjukuu wa ng'ombe huyo alipozaliwa, baba yake akiwa Diwani, nilimwita Mbeyu vilevile, kama tufanyavyo kwetu, mtoto achukue jina la bibi yake. Na kwa kuwa jina lilikuwa moja, niliona uvivu kufungua ukurasa wa pili. Siku ya kumpandisha huyo mdogo, mzee alisimama mlangoni akaniuliza, "Mbeyu wa kwa Kanze, Diwani anafaa?" Nikajibu anafaa, hata kichwa sikuinua. Yule ndama alipokufa, mzee alinijia na daftari mkononi, akanitaka nimsomee ukurasa wa kila Mbeyu; ulikuwa mmoja tu, akalifunga. Kwenye kamati alisema mkono ni wake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikanyamaza.

Mkono ulikuwa wake. Jibu lilikuwa langu.