Yuster Godwin na Dawa Iliyoingia Mifupani

Baba Mchungaji, wazee, watani na majirani, mimi ni Edmund, mjomba wa marehemu, na ninayoyasoma yameandikwa na dada yangu Emilia, mama mzazi wa Yuster, ambaye ameniomba nisiruke mstari.

Mwanangu Yuster alizaliwa hapa Kitangari tarehe 14 Machi 1988, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Godwin nami, na ndiye pekee niliyekuwa nimebaki naye. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza kidato cha nne Masasi mwaka 2006, na kuanzia msimu wa korosho wa 2009 alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, hadi mgongo ulipomkataza kuinama. Tarehe 8 Septemba 2018 alifunga ndoa na Felix, dereva wa Tandahimba, na tarehe 2 Oktoba 2020 walijaliwa mtoto mmoja, Huruma.

Mwaka 2022 alipata uvimbe kwenye titi, akafanyiwa upasuaji Ndanda, akaendelea na matibabu Dar es Salaam, na Aprili 2024 picha zikaonyesha kuwa saratani imefika uti wa mgongo na nyonga. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesafiri naye, Huruma alipelekwa kwa bibi yake mzaa baba, Tandahimba, tukakubaliana kwamba tukirudi atarudi.

Tarehe 11 Juni 2024 Yuster alichomwa sindano ya strontiamu kloridi, na kwa kuwa mengi yamesemwa juu ya sindano hiyo, naieleza kama daktari alivyonieleza. Ni chumvi iliyoyeyushwa katika maji, haina rangi, na kwa kuwa strontiamu inafanana na kalsiamu, mfupa huipokea kama chakula chake, na pale palipoliwa na saratani huipokea zaidi. Ina mionzi, lakini mionzi hiyo husafiri milimita chache tu mwilini ikaishia humo, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku hamsini hivi. Tuliambiwa tujihadhari na mkojo na damu wiki ya kwanza, nguo zake zifuliwe peke yake, nami nilizifua. Haiponyi saratani, inatuliza maumivu, na hilo tulilijua kabla ya sindano. Wiki hiyo ikiisha, daktari alisema, mtoto akae mapajani mwa mama yake atakavyo.

Tuliporudi, habari zilikuwa zimetangulia kwamba Yuster amewekewa bomu. Uji ulioletwa uliachwa kizingitini, na Tandahimba wakasema Huruma asubiri kwanza, bado mdogo. Niliwafuata mara mbili, nikaeleza haya haya, wakanipa chakula, wakanisindikiza hadi stendi, bila mtoto. Shamila, mtani wetu, ndiye aliyeingia chumbani, akaketi kitandani na kusema, “Sogea huko, Mmakonde wewe, nichaji simu,” na Yuster akamjibu, “Weka hela kwanza, Myao, huu si umeme wa kijiji.”

Dawa ilifanya kazi yake. Kuanzia Julai hadi Oktoba alitembea, alimenya mihogo, alibeba ndoo ndogo ya maji, angeweza kumpakata mtoto, na kila jioni aliniuliza kama gari la Tandahimba limepita. Novemba maumivu yakarudi, damu yake ilikuwa imepungua mno, haikuruhusu sindano nyingine, na tarehe 6 Januari 2025 mfupa wa paja ukavunjika akiwa amelala. Felix alipomleta Huruma wiki iliyofuata, hakukuwa tena na mapaja ya kumkalisha. Mtoto alisimama mlangoni, akasema shikamoo kama anavyowaamkia wageni, na mama yake akaitikia marahaba.

Yuster alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda na wa Dar es Salaam, wenzake wa chama cha msingi walioleta jeneza, majirani waliochota maji ya msiba huu, na Shamila, aliyemwosha jana alipokosekana hata wa kumshikia beseni. Mliosimama nyuma ya uzio mnaweza kusogea, nguvu ya dawa ile imekwisha kitambo. Huruma amekaa hapa mbele, naomba leo asizuiwe kumgusa mama yake.

Pumzika sasa, Yuster. Hukuwa na sumu.